Mifarishi ya Viraka na Majina ya Walioishona

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya darasa la ushonaji la akina mama katika ufunguzi wa maonyesho ya mifarishi, ukumbini mwa hekalu, Mombasa, wakati wa sherehe za maadhimisho)



Tunaishukuru halmashauri kwa kutupa nafasi ya kusema machache kabla ya milango ya maonyesho haya kufunguliwa. Tutaeleza kwa ufupi mfarishi wa viraka ni kitu gani, umetufikiaje, na hufundishwaje katika ukumbi huu. Mwisho tutatoa ombi moja kwa kila nyumba iliyowakilishwa hapa leo.

Mfarishi una tabaka tatu: uso, ambao ndio wenye viraka, ujazo wa katikati, uwe wa pamba au wa nguo kuukuu, na bitana ya chini. Tabaka hizo hushikanishwa kwa mishono midogo midogo inayozipenya zote. Mishono hiyo ikiwa michache, ujazo hukimbilia pembeni na kujikusanya mafundo, na baada ya kufuliwa mara mbili tatu mfarishi huwa hautandikiki tena. Kwa hiyo, atakayepita leo akitazama rangi peke yake atakuwa ameona nusu ya kazi. Tunamwomba ainame pia atazame mishono.

Wengi wa wahenga wetu walitoka Kutch na Kathiawar, wakavuka bahari kwa majahazi hadi pwani hii. Huko kwao mfarishi huu huitwa godadi. Sari iliyochakaa na dhoti iliyolainika kwa kufuliwa miaka mingi hazikutupwa. Zilipangwa tabaka kwa tabaka, zikashonwa, zikawa tandiko la mtoto na joto la usiku wa Januari. Katika nyumba za vijijini mifarishi hiyo hukunjwa mchana na kupangwa kwa safu ukutani. Mashariki zaidi, huko Bengal, wanawake hushona kantha kwa njia iliyo karibu na hiyo, na zamani nyuzi za rangi zilichomolewa kwenye pindo za sari zile zile zilizochakaa. Hakuna kilichonunuliwa isipokuwa sindano.

Pwani yetu nayo haikuwa ngeni kwa kazi ya kuunganisha vitambaa. Leso tunayojifunga kila siku, kwa masimulizi yanayojulikana sana, ilianza kwa wanawake wa karne ya 19 walionunua vitambaa vya mkononi vilivyouzwa kwa jora, wakakata vipande sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini hadi vikawa vazi moja. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo iliyokwisha kuchapwa nzima. Mmoja wa waliojulikana sana kwa biashara hiyo hapa Mombasa ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye asili yake ni Kutch na ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Hivyo godadi na leso zilikuwa majirani hata kabla yetu sisi.

Kuna habari nyingine inayotuunganisha na majirani zetu kwa karibu zaidi. Katika jimbo la Karnataka, kusini magharibi mwa India, kwenye misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, wanaishi Wasiddi, watu ambao wahenga wao walitoka Afrika. Wengi walipelekwa huko kama watumwa. Miongoni mwao wako Wahindu, wako Waislamu, na wako Wakristo. Mfarishi wao huitwa kawandi, na ushonaji wake una utaratibu wa pekee. Mshonaji hutandaza sari kuukuu iwe bitana, kisha huanzia pembeni na kuzunguka ukingo, akiongeza kiraka baada ya kiraka na papo hapo akipiga bandi inayoshika tabaka zote, hadi mizunguko ikutane katikati. Kila pembe humaliziwa kwa vitambaa vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Mfarishi usio na phula, kwao, ni kama mtu aliye uchi. Katika baadhi ya mifarishi hiyo utaona msalaba, na katika mingine mwezi mwandamo. Mwaka 2004 ulianzishwa ushirika wa wanawake hao kwa msaada wa Henry Drewal, mtaalamu wa sanaa za Afrika wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, na mwaka 2011 kazi zao zikaonyeshwa katika Kituo cha Schomburg, mtaa wa Harlem, New York. Watu waliotolewa upande huu wa bahari walihifadhi upande ule mkono wa kushona ambao leo walimwengu wanakwenda kujifunza kwao.

Sasa tuseme juu ya darasa letu. Hukutana Jumamosi mchana, kwa saa tatu. Somo la kwanza ni kufua. Kila kitambaa, kiwe kipya au kikuukuu, hufuliwa na kuanikwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba mpya hunywea na rangi nyekundu huchuja. Asiyefua mwanzo atalia mwisho. Somo la pili ni kupima uzito wa nguo kwa vidole. Kitambaa kizito kikishonwa na chepesi, chepesi hupasuka. Sari ya hariri huteleza na kufumuka ukingoni, kwa hiyo huitegemeza kwanza kwa pamba nyembamba nyuma yake. Leso na kitenge hukaa vizuri pamoja, na ni viraka vya kuanzia kwa mwanafunzi.

Somo la tatu ndilo linalokimbiza watu. Mshono hupita robo inchi kutoka ukingoni mwa kiraka. Anayepotoka kwa sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi kila upande, akifika mwisho wa safu ya viraka ishirini atakuwa amekosea kwa karibu inchi mbili na nusu, na safu yake haitakutana na ya jirani yake. Anayestahimili hapo huendelea. Huunganisha viraka kuwa safu na safu kuwa uso, hulaza tabaka tatu juu ya sakafu, huzishikiza kwa bandi ndefu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha huvaa subana na kuanza kudarizi. Cherehani tunayo na tunaitumia kuunganisha viraka. Kudarizi tunakufanya kwa mkono, wanne wanne tukizunguka mfarishi mmoja, na hapo ndipo watu hufahamiana. Ni vigumu kukaa miezi miwili goti kwa goti na mtu, ukipokea mkasi wake na kumtungia uzi, bila kujua wanawe wanasoma wapi na mamake anaumwa nini.

Tumeulizwa, tena na watu wenye nia njema, kwa nini darasa la ukumbi wa hekalu lina wanafunzi wengi wasiosali hapa. Jibu letu ni la kweli na halina urembo. Godadi ilikuwa imekwisha kutoweka katika nyumba zetu nyingi. Blanketi la kiwandani ni rahisi na halichukui miezi miwili. Waliojua kushona walibaki wachache, na wote ni wazee. Tulipofungua darasa, waliokuwa tayari kukaa saa tatu wakifumua na kushona upya walitoka nyumba za kila namna mtaani. Kama tungengoja wanafunzi wa ukoo na wa hekalu peke yao, walimu wetu wangeondoka na ujuzi wao.

Mmoja wao ameondoka. Wengi mnamkumbuka: alikuwa akiketi karibu na dirisha, na mwanafunzi akileta mshono mrefu kuliko punje ya mchele, humrudishia bila kusema neno. Alipofariki, jamaa zake walitukabidhi godadi aliyoiacha, pembe moja ikiwa haijashonwa. Tulijadiliana nani aimalize. Wengine walisema iachwe ilivyo, kwa heshima yake. Mjukuu wake alisema bibi hakuwahi kuacha kazi nusu, akaomba imaliziwe na wale aliowafundisha. Basi pembe ile imeshonwa na mikono minne: ya mjukuu huyo, na ya majirani watatu, wawili Waislamu na mmoja Mkristo. Mishono yake ni midogo, yetu ni mikubwa kidogo. Hatukuificha tofauti hiyo, na mtaiona mkiingia mkono wa kulia. Jina lake limeshonwa kwenye bitana, na majina manne yamefuata chini yake.

Hapo ndipo panapotufikisha kwenye ombi letu. Siku hizi kuna maonyesho makubwa ya mifarishi duniani, kama yale ya kila mwaka ya Houston, Marekani, na ya Birmingham, Uingereza, na huhudhuriwa na maelfu ya watu. Lakini kwa muda mrefu mfarishi wa zamani ulipofika ukutani ulifika bila jina. Uliandikwa wilaya na umri, mshonaji akasahauliwa. Wanawake wa Gee's Bend walisaidia kubadili jambo hilo. Gee's Bend ni kijiji cha Waamerika weusi huko Alabama, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wahenga wao walikuwa watumwa wa shamba la pamba, nao walishona mifarishi kwa suruali na mashati ya kazi ili kujikinga na baridi. Mwaka 1962, wakati watu weusi wa huko walipokuwa wakidai haki ya kupiga kura, feri yao ilikatishwa, isirudi hadi mwaka 2006. Mwaka 1966 washonaji wa eneo hilo waliunda ushirika wao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ikatundikwa katika jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, na kila mmoja ulikuwa na jina la aliyeushona: Loretta Pettway, Annie Mae Young, Mary Lee Bendolph na wengine. Jina halikumaliza kila shida. Mwaka 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai haki yao katika mauzo ya kazi zao, na kesi zikamalizika mwaka uliofuata kwa makubaliano. Lakini asiye na jina angedai nini, na kwa nani?

Mkirudi nyumbani leo, fungueni makabati. Ikiwamo godadi, au mfarishi wowote wa zamani, mwulizeni aliye mkubwa nyumbani ni nani aliyeushona, wapi, na kwa ajili ya nani. Yaandikeni hayo kwa uzi juu ya utepe wa pamba, na utepe huo ushoneni kwenye pembe ya bitana. Mfarishi wenyewe msiutie katika mfuko wa plastiki, maana huota ukungu katika joto la pwani. Ufungeni kwa shuka ya pamba, uwekeeni majani makavu ya mwarobaini, na kila baada ya miezi michache ukunjueni na kuukunja kwa mkunjo mwingine ili usikatike. Asiyejua kutia utepe aje Jumamosi, tutamwonyesha. Na mwenye bibi anayejua kushona, amlete. Kiti cha karibu na dirisha ki wazi.

Mifarishi ishirini na mitatu mtakayoiona ina majina yote nyuma yake, na tumeitundika hivi kwamba mnaweza kuinua pembe na kusoma. Iliyo na kadi nyeupe inauzwa, na fedha zitagawanywa sawa kwa waliotajwa kwenye bitana. Godadi ya mwalimu wetu haiuzwi.

Tunawashukuru wanachama waliotupa sari za mama zao, majirani waliotupa leso zao, mafundi cherehani wa mtaani waliotuwekea masalio ya vitambaa, na mlinzi wa ukumbi aliyetungojea hadi jioni bila kunung'unika. Tunaliombea hekalu hili miaka mingi ya heri pamoja na mtaa unaolizunguka.

Karibuni ndani.