Popo na Mbuyu: Mavuno Huanza Usiku

Wananchi wa Kilifi,

Mbuyu huchanua jua linapotua. Ua lake ni kubwa, jeupe, lenye harufu kali, nalo huning'inia kwenye kikonyo kirefu. Usiku huo huo popo wala matunda huja kunywa maji matamu ya ua. Chavua hunata kwenye manyoya yao, nao huipeleka hadi mbuyu mwingine. Ua lisilopata chavua ya mti mwingine kwa kawaida huanguka bila kutunga tunda.

Mabuyu ya sukari na rangi yanayouzwa mitaani, na ambayo mama wengi huyatafutia riziki, huanzia hapo. Hata hivyo, wapo wanaotia moshi mapangoni na kukata miti wanamolala popo, wakiamini kuwa ni ndege wa wachawi.

Popo asishikwe kwa mikono, na tunda lililoumwa lisiliwe. Lakini asifukuzwe wala kuuawa. Atakayeona pango likitiwa moshi, amjulishe chifu au afisa wa wanyamapori aliye karibu. Popo wakihama, mibuyu itasimama ilipo, ila mabuyu yatapungua.