Salamu kwa Majina

Sura ya mwisho ya Waraka kwa Warumi wengi wetu huipita haraka, maana imejaa majina. Paulo alikuwa hajafika Rumi, lakini awasalimu watu wa huko mmoja mmoja. Na katikati ya salamu hizo Tertio, aliyeshika kalamu, atia salamu zake mwenyewe.

Leo nawaomba tuwafikirie vijana wa mbali, wana wa wenyeji wa asili wa Kanada, kaskazini ya jimbo la Ontario. Vijiji vyao vingi havina barabara ya kudumu. Watu husafiri kwa ndege ndogo, na wakati wa baridi kali magari hupita juu ya maziwa yaliyoganda. Vijiji vingi havina shule ya sekondari kamili, basi mtoto wa miaka 13 au 14 huwaaga wazazi, akaenda Sioux Lookout au Thunder Bay kukaa katika nyumba ya wengine.

Hapa sisi watu wa makanisa hatuna budi kusikiliza. Zamani watoto wa makabila hayo walichukuliwa kwa nguvu ya sheria, wakatiwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa, na wengi wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama zao. Waanglikana wa Kanada waliomba msamaha mwaka 1993, na Wapresbiteri mwaka 1994. Lakini mama aliyepitia shule ile, atamsindikizaje mwanawe uwanja wa ndege kwa moyo mtulivu? Tena kati ya mwaka 2000 na 2011 wanafunzi saba waliotoka vijijini kwenda kusoma Thunder Bay walifia huko.

Mwaka 1994 baraza la machifu wa kaskazini, Keewaytinook Okimakanak, lilianzisha mtandao wake lenyewe, ukaitwa Kuhkenah, yaani “kila mtu”. Ulianza kidogo sana: kompyuta zilizoungwa kwa nyaya za simu, ili mwanafunzi na watu wa kwao waandikiane. Baadaye vijana wakapewa nafasi ya bure, MyKnet.org, isiyo na matangazo ya biashara, kila mmoja ajitengenezee ukurasa kwa jina lake halisi. Wakajifunza kuandika alama za kompyuta, mmoja akimwonyesha mwenziwe, hata maelfu wakawa na kurasa. Waliweka nini? Picha za jamaa, muziki waupendao, salamu, kumbukumbu za marehemu wao. Mtaalamu wa mjini angeyaona ni mambo madogo. Bibi aliyebaki kijijini hakuyaona hivyo.

Najua wako wazee wetu wasemao kwamba kompyuta humtenga mtoto na nyumba yake. Huweza. Hawa walikuwa wametengwa tayari, na chombo kilikuwa mikononi mwa watu wao wenyewe. Nadhani hilo ndilo jambo kubwa. Baraza lile lile lilifungua pia shule ya sekondari kwa njia ya intaneti: kijana hukaa kwao, darasani mna mwalimu, na masomo mengine yanatoka kwa walimu walio katika vijiji vingine.

Siku hizi wengi wamehamia Facebook, na kurasa zile za zamani zimeachwa. Lakini ndege bado zaondoka na watoto. Tuwaombee, pamoja na wale wanaongoja habari zao.