Kiharusi na Mwanachama Mzee Apandaye Baiskeli



Wapo miongoni mwenu waliopita miaka 60 ambao wangali wakija Kibaigwa kwa baiskeli, gunia la mahindi kwenye keria. Hilo ni jambo la sifa. Lakini mwenzenu akianza kuyumba, msiseme upesi kwamba amelewa au amepagawa. Mtazameni: je, uso umepinda upande mmoja? Mkono umelegea? Maneno hayaeleweki? Dalili moja tu yatosha kudhani ni kiharusi.

Mwondoeni kwanza barabarani, kwani malori ya Dodoma na Morogoro hayamsubiri mtu. Asipewe chakula wala maji, maana aweza kupaliwa. Wala aspirini, kwani kiharusi kingine hutokana na mshipa kupasuka. Andikeni saa dalili zilipoanza, kisha apelekwe hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ipatikanapo, hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Zikitoweka, bado aende. Hilo ni onyo. Asipande baiskeli tena mpaka daktari aruhusu.

Hesabu za chama hukaguliwa kila mwaka. Shinikizo la damu, chanzo kikubwa cha kiharusi, nalo likaguliwe, na aliyepewa dawa asiiache ajionapo mzima.

Nashauri kila chama kiamue mapema, mkutanoni, gari la nani litaitwa na nauli itoke fungu gani. Mgonjwa hawezi kungoja kikao.