Shamba Lililonunuliwa Wakati wa Vita
Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Jubilii ya Miaka 50



Nimepewa dakika chache niseme juu ya tumaini katika neno la unabii. Kwa vile mimi ni mwalimu, nitaanza na somo, kisha nitoe ushuhuda.

Somo ni Yeremia sura ya 32. Mji wa Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, njaa imeingia, na nabii mwenyewe amefungwa katika ua wa walinzi kwa kusema kwamba mji utatekwa. Ndipo binamu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la ukoo kule Anathothi. Wapendwa, nani hununua shamba wakati nchi inachukuliwa na adui? Yeremia alinunua. Alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aweke hati katika chombo cha udongo zisiharibike. Alifanya hivyo kwa sababu Bwana alikuwa amesema siku itafika watu wanunue tena mashamba katika nchi ile.

Yeremia hakuwa mtu wa maneno matamu. Katika sura ya 28, Hanania alitabiri kwamba taabu itakwisha kwa miaka 2. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli kwamba ni miaka 70, kwa hiyo wajenge nyumba na kupanda bustani huko. La Hanania halikutimia. Unabii wa kweli hautufichi urefu wa safari. Unatupa nguvu ya kutembea.

Sasa ushuhuda wangu. Machi 2020 ibada za makanisani zilisimamishwa na shule zikafungwa. Nilikuwa nikifundisha shule ya kibinafsi, na mshahara ukakatika. Nikaanza kuuza mboga kando ya barabara. Wanakwaya wengine walirudi mashambani kwa wazazi, wengine simu zao hazikupatikana tena. Niliona kwaya imekwisha, nikaandika barua ya kuacha ukatibu.

Lakini kila mwezi, mama mmoja wa sauti ya pili alinitumia shilingi 100 kwa M-Pesa, kisha ananipigia: "Mwalimu, andika. Hizo ni za sare ya jubilii."

Siku moja nilichoka nikamwuliza, "Mama, kanisa lenyewe limefungwa. Jubilii gani?"

Akanijibu, "Wewe andika tu, mwanangu. Mungu hajafungwa."

Niliandika nikiona aibu. Ile barua sikuipeleka popote.

Sare tulizovaa leo zilianza na shilingi zake. Yeye hayupo. Tulimzika kabla fundi hajatupima. Daftari la michango bado ninalo, na jina lake liko juu kabisa ya ukurasa.

Yeremia naye hakupata kulima shamba lake. Alichukuliwa mpaka Misri. Lakini soma Ezra sura ya 2, orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni. Utakuta mstari mfupi tu: watu wa Anathothi, 128. Mnunuzi hakuwepo, lakini wenyeji walirudi. Na katika Mambo ya Walawi 25, yubile ndiyo hiyo: mwaka wa 50, kila mtu airudie milki yake.

Ndugu zangu, najua humu ndani kuna mwenye mgonjwa nyumbani, mwenye kesi ya shamba isiyokwisha, na mzazi ambaye kijana wake amemaliza chuo na hana kazi. Sina tarehe ya kuwapa, wala msimwamini anayewauzia tarehe. Ninachowaomba ni kununua shamba lenu leo: fanya lile dogo ambalo mtu anayeiamini ahadi ya Mungu angelifanya. Omba na mgonjwa wako. Mtie moyo kijana wako. Mlete mtoto wako mazoezini Jumamosi.

Nimefungua ukurasa mpya katika daftari, wa watoto wa Shule ya Jumapili watakaoimba jubilii ijayo. Wengi wetu hatutakuwepo. Tuandikeni tu.