Yaliyopita Si Ndwele, Lakini Tugange Yajayo



Tunayo methali tunayoipenda mno: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini tukifikwa na jambo, wengi wetu tunaisema nusu tu. Tunasema yaliyopita si ndwele, kisha tunanyamaza. Nusu ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi, tunaiacha. Na mganga gani atakayetibu maradhi asiyotaka kuyajua?

Wiki hii nilikuwa hapa Mwanakwerekwe nikizitazama gari za abiria zikipakia kwenda mjini. Gari imeshajaa, utingo bado anaita, "Ingia, nafasi ipo!" Nasi, na vikapu vyetu vya sokoni, tunaingia. Hakuna aliyetulazimisha. Nikazikumbuka meli.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Uwezo wake ulikuwa watu wasiofika 700. Hesabu iliyotolewa baada ya uchunguzi ni miili 203 iliyopatikana, na watu 1,370 wasioonekana hadi leo. Haikutimia hata miezi kumi na moja, tarehe 18 Julai 2012, Skagit nayo ikapinduka karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam, upepo ukiwa mkali. Waziri aliyehusika na usafiri alijiuzulu.

Sasa zitazameni tarehe zenyewe. Spice Islander ilizama watu wakirejea makwao baada ya Idi. Skagit ilipinduka Ramadhani ikiwa imebakisha siku chache tu. Na kule Ziwa Viktoria, kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa watu 101, kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio. Walikufa watu 228.

Idi, Ramadhani, gulio. Siku za msongamano hazituvamii kwa ghafla. Zimo kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, na kila mwenye duka la nguo anazijua miezi mitatu kabla. Iweje mwenye duka ajitayarishe, na sisi wa vyombo vya baharini tushtuke?

Wako wanaosema kuyataja haya ni kutonesha kidonda. Nawaelewa. Mama aliyepoteza watoto baharini hana haja ya redio kumkumbusha. Si haki kumtaka alie upya kila Septemba ili sisi tuonekane tunajali. Wala sioni faida ya kukaa barazani mwaka baada ya mwaka tukibishana nani alaumiwe. Huko ni kuyalalia yaliyopita, na anayeyalalia hagangi kitu.

Lakini muuza tiketi, nahodha, ofisa wa bandari na abiria, hao hawaombwi machozi. Wanaombwa kuhesabu. Wiki ya Idi, safari ziongezwe mapema. Kila anayepanda aandikwe jina, na mtoto wa mgongoni ahesabiwe, maana naye ni roho. Hesabu ikitimia, mlango ufungwe, hata kama anayebisha hodi ni mjomba wako. Upepo ukikataza, chombo kibaki gatini, na abiria wasimzomee nahodha.

Na sisi abiria tuna sehemu yetu. Tukiona chombo kimejaa, tukubali kulala usiku mmoja zaidi mjini. Nauli ya pili inauma, najua. Mwenye familia ya watu sita anauma zaidi. Lakini pesa hutafutwa tena.

Wengine watasema ni kudra. Kufa ni kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, hilo hatulikatai. Ila kumuuzia tiketi mtu asiye na nafasi ni kazi ya mkono wa mwanadamu, na mkono huo unaweza kuzuiwa.

Basi Idi ijayo, ukifika bandarini Malindi na mizigo yako, kabla hujauliza nauli, uliza swali moja: chombo hiki kinachukua watu wangapi, na waliokwishapanda ni wangapi? Ukijibiwa vizuri, safiri salama. Usipojibiwa, rudi nyumbani.

Hadi wiki ijayo, inshaallah.