Je, Mwenzako Anakuogopa?



Ndugu zangu vijana, na wazazi mlio pamoja nasi. Nimepewa mada ya ushirika katika biashara, na najua wengi mnangoja nizungumze mtaji. Mtaji nitauacha. Nataka tuzungumze hasira.

Chukua vijana watatu wanaouza sharubati na sambusa za futari. Mmoja ananunua, mmoja anapika, mmoja anashika pesa. Siku moja yule wa sokoni ametiliwa maembe mabovu, nusu nzima ya kutupa. Atawaambia wenzake? Ikiwa anajua atatukanwa mbele ya wateja, hasemi ng'o. Atajazia kwa mfuko wake, au atadanganya kwenye hesabu, na wenzake hawatajua faida inapotelea wapi.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Miaka ya 1990, Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa hospitalini. Alitarajia kwamba timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Hesabu ikaja kinyume: ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi! Alipofuatilia akaona si kwamba wanakosea zaidi, bali hawaogopi kusema. Kwingine watu walificha. Kampuni ya Google nayo ilianza kuchunguza timu zake mwaka 2012, na lililotangulia yote likawa hilo hilo: mtu aweze kusema bila kuogopa kuaibishwa. Na wale ni watu wa kompyuta, si wa mawaidha.

Sasa wako wasemao biashara yataka ukali. Mimi sikubali. Bosi mkali huletewa habari njema peke yake, mpaka siku duka linafungwa. Mwezi huu ukichokozwa unajibu, "Nimefunga." Basi jibu hilo mpe na mshirika wako, si mtu wa njiani tu. Wala sisemi anayekula pesa anyamaziwe. Huyo aulizwe, tena mapema, lakini faraghani. Kukosea na kuhini ni mambo mawili.

Leo baada ya tarawehe kaeni dakika kumi, kila mmoja aseme kilichoharibika. Aliyeweka mtaji mkubwa aanze yeye, maana akianza mdogo ataangalia kwanza uso wa mkubwa. Na mgao wa faida na hasara uandikwe kabla ya Idi, mkiwa bado mnacheka pamoja. Chuoni tulisomeshwa kwamba deni huandikwa. Ushirika nao msiuache mdomoni.

Wabillahi tawfiq.