Maji ya Paa Letu



Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilipungua sana. Mei 2020 likapanda kupita kimo cha mwaka 1964. Sisi wakazi wa Ilemela tumeyashuhudia yote mawili. Hata hivyo, tuliendelea kumwaga zege katika nyua zetu, na mvua ikateremkia nyumba za majirani wa bondeni. Kosa hilo tunalikiri.

Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Basi tuyakinge kabla: tuweke matangi, tuuachie udongo nafasi ya kunywa, tuzibue mitaro. Jirani asilipe gharama ya sakafu yetu.